Mpaka Nikuone Umepaa

"Inama mbele, baba! Mbele! Umejilaza kama uko kwa kinyozi!"

Sauti ya binti yake ilimfikia pamoja na maji, na maji ndiyo yaliyowahi. Yalimwingia puani, yakamwingia masikioni, yakamwosha mpaka ndani ya mawazo. Alipoibuka, boti ilikuwa imekwisha kupunguza mwendo na inazunguka kumrudia, naye anaelea ubavu, kiuno kimefungwa mkanda kwenye kiti, miguu imechomekwa kwenye mikanda ya ubao, mguu mzima na mguu mbovu sawasawa, kama meza ya mpangaji aliyetolewa vyombo nje.

"Ameanguka," Gia alitangaza.

"Ameangukaje?"

"Kwa heshima zake zote. Kama mbunge aliyenyimwa kura."

Gia alikuwa fundi wa injini wa klabu ile ya boti. Kwenye mazoezi haya kazi yake ilikuwa kukaa kinyumenyume, mgongo kwa nahodha, kumtazama anayevutwa na kusema anachokiona. Nahodha hageuki nyuma; nahodha anatazama maji yaliyo mbele, maana huko ndiko kuna magogo na nyavu za watu. Kwa hiyo binti alimwona baba yake kwa kupitia mdomo wa Gia, na mdomo wa Gia haukuwa na breki.

"Mwambie nimemsikia," alisema mzee, akitema maji. "Na mwambie fundi kwamba mbunge aliyenyimwa kura huwa haanguki, hupewa ubalozi."

Gia akacheka hadi akakohoa. Binti naye akacheka, na mzee, pale majini, akakisikiliza kicheko kile mpaka kikaisha chote.

Watu walimwita Mzee Mgomo. Chombo alichokuwa anajifunza kilikuwa na jina refu la lugha ya wale waliokileta klabuni, lakini waliokuwa wakikiosha, kukipangusa na kukifungia stoo walikiita Korongo, na jina la waoshaji ndilo lililodumu. Kilikuwa ubao mfupi wenye kiti juu yake, na chini ya ubao mguu mmoja mrefu wa alumini, na mwisho wa mguu huo mabawa mawili, kubwa mbele na dogo nyuma. Boti ikivuta, mabawa yale hufanya ndani ya maji kazi ambayo bawa la ndege hufanya hewani: yanabeba. Ubao unaachana na maji, mtu anabaki ameketi juu ya hewa tupu, na kinachogusa ziwa ni ule mguu mmoja tu unaolipasua.

Hivyo ndivyo inavyosimuliwa. Kwenye kujifunza ni kesi nyingine. Ukiegemea nyuma kidogo, Korongo anapanda. Ukizidisha, bawa linachomoza nje ya maji, nalo likikosa maji halina la kufanya, linakubwaga. Ukiinama, anashuka. Kati ya kupanda na kubwagwa pana upenyo kama tundu la sindano, na unautafuta kwa kichwa na mabega tu, maana kiuno kimefungwa. Mzee mwenye mguu uliosagwa asingeweza kusimama juu ya mbao zile nyingine wanazosimama vijana. Kiti hakikumuuliza habari za mguu. Hicho tu ndicho chombo cha starehe, kati ya vyote vilivyopita mbele ya macho yake pwani ya ziwa lile, ambacho hakikumwambia ondoka hapa.

Mguu ulisagwa kivukoni. Enzi hizo kabla ya daraja, watu na magari walivushwa kwa kivuko, naye alikuwa mshika kamba. Matairi yaliyofungwa gatini ya kukinga mgongano yalikuwa yamechakaa, wakasema, wakasema tena, wakaambiwa bajeti. Siku moja kivuko kikabamiza gati na mguu wake ukiwa katikati. Ofisi ikaandika uzembe wa mfanyakazi. Hapo ndipo wenzake walipotoka nje ya lango, wote, wakaapa kwa sauti moja kwamba hakuna atakayeingia mpaka waingie wote, na yeye akaletwa pale langoni kwenye toroli la saruji, mguu umefungwa, akaapa nao.

Mvua ikanyesha, njaa ikauma, na baadhi wakaanza kurudi kazini kwa kupitia mlango wa jikoni. Mpaka leo angeweza kukutajia nani alipita mlango ule, amevaa shati gani, na alikuwa anaangalia wapi. Meneja ndiye aliyempachika jina la Mgomo, kwa kumkejeli, naye akalivaa kama koti. Baadaye daraja likajengwa, kivuko kikauzwa chuma chakavu, na waliobaki langoni na waliopita jikoni wakafukuzwa asubuhi moja, kwa tangazo moja, lililobandikwa kwenye nguzo moja. Hayo waliopita jikoni hawakuambiwa walipokuwa wanakaribishwa chai.

Mke wake alifariki binti akiwa bado anavaa sare ya shule. Akamlea mwenyewe katika vyumba viwili, kimoja kimegawanywa kwa pazia. Hakuwa na cha kumrithisha, akamrithisha vitu viwili: maji na neno. Alimfundisha kusoma upepo kwenye mikunjo ya ziwa, na akamfundisha kwamba mtu akishasema nimesema, basi. Binti akakua, akafanya mtihani wa unahodha katikati ya wanaume waliokuwa wanamuuliza kama amekuja kuuza karanga, akaufaulu, akaajiriwa klabuni.

Kisha klabu nayo ikauzwa. Wenye klabu wapya walikuwa wanakuja na manahodha wao. Bwana mmoja mwenye tai aliwakusanya wafanyakazi kwenye banda la boti akawaambia wasihuzunike, dunia ya leo ni ya kujiajiri. Mzee Mgomo, ambaye hakuwa mwajiriwa wala hakualikwa, alisimama nyuma na fimbo yake akauliza, "Ajiajiri kwa boti ya nani, mheshimiwa? Na kwenye ziwa la nani?" Bwana yule akatazama saa.

Ndipo binti akatafuta, akapata. Meli za kubeba wafanyakazi baharini, nchi ya mbali, mkataba wa miaka mingi. Waliomtangulia hawakuwa wamerudi hata mmoja. Walikuwa wanatuma picha. Alimweleza baba yake jioni moja huku anapiga pasi, bila kuinua macho, akaipitisha pasi juu ya kola ile ile mpaka kola ikaanza kunuka. Wote wawili waliujua urefu wa mkataba na waliujua umri wa mzee, na hakuna aliyethubutu kuviweka pamoja.

Mzee alitafuta la kusema. Akatoa mzaha, maana mzaha ndio uliokuwa karibu. "Sasa ukiondoka, nani atanifundisha Korongo? Nimekuwa nikimtamani miaka yote hii."

Binti aliweka pasi chini. Alicheka, na machozi yakawa yanasubiri zamu nyuma ya kicheko. "Siondoki mpaka nikuone umepaa, baba. Nimesema."

"Umesema?"

"Nimesema."

Katika nyumba ile, neno hilo halikuwa la kuteremshia chai.

Gia ndiye aliyetoa njia. Injini zote zilipaswa kujaribiwa majini kabla ya kukabidhiwa kwa wenye mali wapya, na hakuna aliyesema injini ijaribiwe bila kuvuta kitu. Kila alfajiri mlinzi wa lango akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Tunajaribu injini." Mlinzi akimwona mzee na fimbo yake na jaketi la kuokolea, anaitikia, "Na hiyo injini nayo ni ya zamani sana, jamani," kisha anafungua.

Akajifunza kukaa majini huku pua ya ubao ikichungulia. Akajifunza kuushika mpini wa kamba chini, karibu na magoti, mikono imenyooka. Akajifunza kuburutwa juu ya maji bila kupanda, kama gunia, mabega mbele. Kisha kuegemea. Kisha kuanguka. Alianguka kulia, akaanguka kushoto, akaanguka kifudifudi, akaanguka kwa namna ambazo Gia hakuwa na jina la kuzipa. Lakini nyumbani walikuwa wamefikia hatua ya kuzungumza habari za sabuni na chumvi tu, kila mmoja akiogopa kumgusa mwenzake penye kidonda, na huku ziwani binti alikuwa anamfokea, anamtania, anamwita mzee mzima ovyo, anamsifu.

"Kidevu juu! Nitazame mimi, usitazame maji! Maji unayajua!"

"Nakutazama, mama! Nakutazama mgongo!"

"Basi mgongo huo huo!"

Aliutazama. Mgongo wa nahodha, mabega mapana aliyoyarithi kwa mama yake, shingo iliyonyooka. Alikuwa akienda majini akiwa na njaa ya kuuona mgongo ule.

Na asubuhi moja, bila ya yeye kufanya jambo lolote la maana, Korongo akapaa.

Kwanza sauti ilikatika. Ule mchapo wa maji chini ya ubao, ule mtetemo unaotikisa meno, vyote vilikoma, ghafla, kama mtu amefunga mlango wa chumba chenye ugomvi. Alitazama chini akauona ubao umetengana na ziwa. Alikuwa ameketi juu ya hewa. Mguu uliosagwa haukuwa na uzito. Kwa muda usiotosha hata kumeza mate alikuwa mtu asiyedaiwa maumivu na mtu yeyote.

Kisha akaliona sanduku. Halikuwa ziwani, lilikuwa chini ya kitanda cha binti nyuma ya pazia, jipya, bado lina karatasi za dukani. Akiendelea kukaa hewani hivi, sanduku lile litatoka chini ya kitanda.

Akainama mbele. Akamkandamiza Korongo kwa uzito wake wote mpaka ubao ukapiga maji, akajitupa ubavuni.

Alipoibuka, macho yake yalikutana moja kwa moja na macho ya Gia. Fundi alikuwa ameona kila kitu. Ndiyo kazi iliyomweka pale. Alikuwa na kijiti mdomoni. Akakihamisha upande wa pili.

"Vipi huko?" binti aliuliza bila kugeuka.

"Ameanguka," alisema Gia.

Hakuongeza mzaha.

Tangu siku ile mwili wake uliujua upenyo, na kazi ikageuka kuwa kuukwepa. Si kazi ndogo. Ilimbidi akumbuke jinsi asiyejua anavyokaa. Akawa mzembe kwa ustadi, akitikisa mabega, akichelewesha kichwa, akimbana Korongo kila anapotaka kupanda. Binti akazidi kumfundisha kwa subira. Hakumfokea tena kama zamani. Siku nyingine alizima injini, wakakaa tu katikati ya ziwa, yeye ubavuni mwa boti na mzee majini ameshika ukingo, wakizungumza habari za mama yake, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya na hakubali kuambiwa. Gia aliwaacha, akajifanya anakaza nati iliyokwisha kukazwa.

Halafu ikaja jioni ya simu. Mzee alikuwa ndani anakata vitunguu. Binti alikuwa uani anakamua nguo, simu ameibana kwa bega.

"Hapana, sijakataa. Sijakataa, bosi. Kuna jambo la nyumbani halijakamilika." Maji yalidondoka kutoka kwenye shuka. "Naelewa. Meli haisubiri mtu... Naelewa, mtamchukua mwingine. Mpaka lini? Sawa. Hapana, siwezi kuahidi. Nimefungwa na neno."

Mzee aliweka kisu. Alitoka uani akiwa bado na vitunguu machoni, na hiyo ilikuwa bahati yake.

"Mama. Ule mzaha wa Korongo. Nakurudishia neno lako. Nenda."

Binti alikung'uta shuka, akalitandaza kwenye kamba, akalinyoosha pembe kwa pembe. "Neno si sufuria, baba, useme mtu amekurudishia."

"Nimesema mimi! Mimi ndiye niliyeahidiwa!"

"Na mimi ndiye niliyeahidi." Akamgeukia. "Siku ile langoni, wangekuja wenzako wakwambie, Mgomo, tumekurudishia kiapo, una mtoto mdogo, pita jikoni ule. Ungepita?"

Mzee alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Haya," binti alisema kwa upole, akachukua ndoo, akaingia ndani.

Mzee alibaki uani na shuka linalodondoka. Hasira ilimpanda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake marefu ya hasira hakuona meneja wa kumtupia. Alikuwa amewalaani waliopita mlango wa jikoni, akawanyima salamu, akawanyima hata mazishi wengine wao. Na yeye sasa kila alfajiri alikuwa akifanya nini? Alikuwa amemwacha mtoto wake amesimama langoni, kwenye mvua, anashikilia kiapo, huku yeye mwenyewe akipita jikoni kunywa chai. Na langoni pale mtoto angeshikilia mpaka meli iondoke, maana hivyo ndivyo alivyomlea.

Hakuwalaumu wenye meli peke yao, wala wenye klabu, ingawa usiwasahau: wao ndio walioipanga dunia hivi kwamba nahodha anazaliwa penye ziwa na lazima aende kuendesha meli mahali ambapo hajui hata jina la upepo. Hilo alilishika, hakuliachia. Lakini la Korongo lilikuwa lake.

Kulipokucha alikaa kitini. Gia alimfunga mkanda, akauvuta, akauvuta tena zaidi ya ilivyohitajika.

"Mgomo," alinong'ona, "si lazima iwe leo."

"Ni leo."

"Mimi naweza kusema umeanguka hata ukiwa juu ya paa la nyumba. Unanijua."

"Nakujua. Asante, ndugu yangu. Panda botini."

Kamba ikanyooka. Maji yakamsukuma kifua, akainama, akaburutwa, akahesabu pumzi, kisha akaachia kichwa kirudi nyuma kidogo tu, kama mtu anayeitwa na hataki kuonekana amesikia. Korongo akapanda.

Kimya kikaja. Safari hii hakukifukuza. Alipanda hadi mguu wa alumini ukabaki kidogo tu majini, na ziwa likawa linapita chini yake bila kumgusa, laini, lenye rangi ya bati jipya. Aliutazama mgongo wa nahodha. Hakutazama kingine.

"Vipi huko?" ilikuja sauti ya binti.

Gia hakujibu. Alikuwa anamtazama mzee, midomo yake inatafuta, kijiti kimeanguka.

"Mjomba, vipi huko? Sema basi!"

Gia akafunika uso kwa viganja vyake vyenye grisi.

Ndipo nahodha alipofanya jambo ambalo nahodha halifanyi. Aligeuka. Mkono mmoja usukani, mwili mzima umepindika nyuma, akamwona baba yake ameketi hewani, amenyooka, kidevu juu, macho mbele, kama alivyofundishwa. Alimtazama kwa muda mrefu mno. Kisha akageuka mbele, akaendelea kuendesha, hakupunguza, hakushangilia. Akazunguka ziwa lote lile, akapita mbele ya gati bovu la kivuko, akapita chini ya daraja, akarudi, na mzee hewani nyuma yake, mikono imekufa ganzi, hataki kushuka.

Mikono ndiyo iliyomshusha. Mpini ulimponyoka, Korongo akakaa majini taratibu kama ndege. Boti ikaja. Injini ikazimwa.

Binti aliinama ukingoni, uso umelowa, na mtu asingeweza kusema ni maji. "Umejua tangu lini?"

"Leo," alisema mzee. "Imenijia tu leo."

"Baba."

"Leo, mama."

"Injini ilinieleza." Alifuta pua kwa kiganja. "Unapokuwa majini boti inaburuta, inalalamika. Ulipopaa mara ya kwanza ilipaza sauti, ikawa nyepesi mkononi mwangu, kama mtu ametua mzigo. Kisha ikawa nzito tena. Na kesho yake tena. Mwanzo nilidhani ni injini mbovu."

"Injini zangu si mbovu," alisema Gia kutoka nyuma, sauti imekatika.

"Ulijua," alisema mzee. "Ukaniacha nianguke asubuhi zote zile?"

"Sikugeuka. Nilisema mpaka nikuone." Alimshika kichwa, akamlazia paji la uso wake juu ya nywele zile za mvi zilizolowa. "Maadamu sikugeuka, nilikuwa sijakuona. Mimi nami nilikuwa napita jikoni, baba."

Ukungu uliondoka juu ya maji. Upande wa gati walisikika watu wa wenye klabu wapya wakishusha masanduku, wakiitana.

"Mafuta yapo?" binti aliuliza.

"Ya mzunguko mmoja," alisema Gia.

"Tena, baba?"

"Tena."

Alikaa majini, pua ya ubao ikachungulia, akaushika mpini karibu na magoti. Alikwisha kuamua. Ataanguka. Ataanguka kwa namna zote alizowahi kuanguka, boti izunguke, imrudie, binti amfokee, na wakifika gatini jua liwe limepanda sana. Kamba ikanyooka. Akajilaza nyuma kama yuko kwa kinyozi, na mabega yakamrudisha yenyewe. Akakitupa kichwa kulia, kiuno kikasawazisha. Akatikisa, akainama, akalegea, akajaribu kukumbuka jinsi asiyejua anavyokaa, na mwili haukukumbuka. Korongo alipanda tu, akatulia, akamchukua. Mbele yake binti aliendesha bila kugeuka, akiielekeza boti gatini, na ziwa zima lilikuwa kimya.